Mshindiliaji wa Twyla

Tegueni hiki kwanza, halafu tuendelee. Nyumba ndefu, nyembamba, haina paa. Watoto huingia kwa kidirisha cha ubavuni, mmoja nyuma ya mwenzake, wakapanga foleni gizani. Wakitoka hutokea mdomoni, na kila mmoja hupiga kelele moja tu maishani mwake.

Waliosema bomba la maji wakae chini. Ni bunduki ya wenzo, ile ambayo ukiusukuma mkono wake wa chini mbele na kuurudisha, inatema ganda lililokwisha kazi na kumeza risasi mpya. Kule Dry Fork, Wyoming, mtoto wa chekechea angekitegua hicho huku mdomo umejaa uji.

Twyla Haskett alikuwa na bunduki ya namna hiyo, na ilikula risasi zilezile za bastola yake, fupi na nene kama kidole gumba cha mchunga ng'ombe. Ndivyo walivyopenda watu wa pale tangu enzi za babu zao: chakula kimoja, midomo miwili. Mtu akiwa juu ya farasi, mkoba mmoja wa risasi unamtosha kwa silaha zote mbili. Siku hizi farasi wengi ni wa gwaride na watu wanakwenda na pikapu, lakini desturi haikupanda pikapu ikaondoka.

Aliyezitengeneza risasi hizo alikuwa mumewe, Orrin. Kazi yake ya maisha ilikuwa kupanda juu ya vinu vya upepo vinavyovuta maji ya ng'ombe, kuvitia mafuta na kuvifunga mapanga mapya. Alipostaafu hakuna aliyemlilia sana, kwa sababu alikuwepo mtu mwingine wa kupanda. Lakini kwenye banda lililo nyuma ya nyumba, penye mashine ya kushindilia baruti iliyofungwa kwa skrubu kwenye meza, pale hakukuwa na mtu mwingine. Pale alikuwa Orrin.

Aliyaosha maganda ya shaba kwenye pipa dogo linalozunguka, pamoja na maganda ya njugu yaliyosagwa, mpaka yakang'aa kama pete za harusi. Akayabana yarudi unene wake wa zamani, akasukuma nje fataki iliyokufa, kile kidonge cha makalioni kinachowasha baruti, na kupachika nzima. Akafungua mdomo wa ganda kidogo, akamimina baruti kwa kipimo, akakalisha kichwa cha risasi juu yake. Kichwa hicho kilikuwa bapa, si cha ncha, kwa sababu kwenye foleni ile ya gizani kila mmoja hulaza paji lake kwenye makalio ya mwenzake, penye fataki, na ncha pale ingekuwa balaa. Mwisho kabisa akaukunja mdomo wa ganda ukaume ule mfuo unaozunguka shingo ya kichwa. Hapo kwenye kuuma ndipo penye kazi. Kwenye bastola kila risasi ina chumba chake, haisukumwi na mtu. Kwenye bunduki ya wenzo zinasukumana zote, springi nyuma yao, na kila mlipuko unazitikisa. Isiyoumwa vizuri, kichwa chake kinazama ndani ya ganda.

Zikiwa tayari, Orrin alizipaka makalioni rangi ya kijani kwa kalamu. Kila mshindiliaji wa Dry Fork alikuwa na rangi yake, ili maganda yakiokotwa uwanjani kila mtu arudi na watoto wake. Delmar Stroud, jirani yao, alikuwa na nyekundu. Ya Orrin ilikuwa kijani tangu Twyla alipokuwa na nywele nyeusi.

Na sasa sikilizeni mahali jambo lilipoanzia. Kila mwaka, majani ya ng'ombe yakishakatwa na kufungwa, kulikuwa na siku waliyoiita Jumamosi ya Wawili. Watu walishindana wawili wawili: mmoja anashindilia, mmoja anapiga. Mpigaji akisimama kwenye mstari, yalitangazwa majina yote mawili. Ukija na risasi za dukani hukufukuzwa, la, ulipiga kama wengine. Ila mtangazaji alisema, "Mpigaji fulani, mshindiliaji duka!" na watu wote wakagonga sahani kwa vijiko. Kicheko cha upendo, walisema wao. Wengi walioonja kicheko hicho mara moja walinunua mashine mwezi uliofuata.

Majuma machache kabla ya siku hiyo, Jumapili baada ya kanisa, Twyla alikuwa uwanjani akijinoa. Orrin alisimama nyuma yake, mikono kifuani, vidole vimebanwa kwapani. Delmar alikuwepo pia, na Coralee, mpwa wake, ambaye yeye Delmar humshindilia.

Twyla akapiga ya kwanza, bamba la chuma likalia. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano haikuwepo. Wenzo ulifika nusu ukagoma.

"Imekwama," akasema.

"Ivute!" Orrin akamwambia.

"Sivuti kitu kilichogoma, Orrin. Mimi si punda."

Akaielekeza kwenye kilima cha mchanga, akatulia vilevile mpaka Delmar alipokuja na bisibisi yake. Delmar alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na upole wake ndio uliokuwa ukiudhi. Akaifungua bunduki ubavuni taratibu, akaitoa risasi iliyokuwa imekwama, akaiweka kiganjani. Kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda, kama kobe aliyesikia mbwa. Foleni ilipokuja mbele, hiyo ilikuwa fupi mno, mwenzake wa nyuma akachungulia mlangoni kabla ya zamu yake, na mlango ukambana.

Delmar akaigeuza makalio juu. Kijani.

"Ni yako, jirani."

Orrin akaichukua, akaitia mfukoni.

"Umefanya vema kutoilazimisha, Twyla," Delmar akaendelea. "Iliyozama hivi baruti yake haina pa kupumulia. Ukiilipua, ni bahati yako bunduki isipopasuka." Kisha akamgeukia Orrin, akashusha sauti kama mtu aliye hospitali. "Mikono ikichoka si aibu, bwana. Za Coralee nashindilia kila wiki. Za Twyla nitazipitisha humohumo. Si kazi kwangu."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Nyumbani walimkuta binti yao, Lavonne, amekuja kula nao chakula cha Jumapili. Lavonne alikuwa muuguzi kwenye mji wa jirani, na macho yake yalikuwa ya kiuuguzi hata akiwa anakata nyama choma ya tanuri. Alimwona baba yake akikiinua kijiko cha mchuzi kwa mikono miwili.

"Baba, umezinywa dawa?"

"Nimezinywa."

"Asubuhi na mchana?"

"Lavonne, zingekuwa na mbawa ningesharuka."

Twyla akaeleza yaliyotokea uwanjani, bila kuongeza wala kupunguza. Lavonne akaweka kisu chini.

"Sasa imetosha. Baba, ile ni baruti, si unga wa kuokea mkate. Daktari alikwambia mtetemo huo wa mikono hauondoki. Mama anaweka kile kitu shavuni kwake! Shavuni, Baba!"

"Kipimo cha baruti kinamiminwa na mashine," Orrin akasema. "Sio mikono. Na ninachungulia kila ganda kwa taa kabla sijalifunga."

"Mashine inamimina, sawa. Na ile risasi iliyozama ilizamishwa na mashine?"

Orrin akatazama mchuzi wake. Twyla alimwacha atazame kidogo, halafu akapangusa mdomo.

"Sikia, mzee wangu. Mimi sijampigia mshindiliaji mwingine tangu nilipokuwa msichana, na sitaki kuanza. Lakini sisimami kwenye mstari na kitu ambacho mwenyewe hujui kilichokipata. Uniambie kwa nini ilizama. Ukishaniambia, Jumamosi ya Wawili nitasimama na zako mbele ya watu wote. Ikikwama hata moja, Jumatatu Delmar anakuja na pikapu kuichukua mashine."

"Twyla..."

"Nimemaliza. Nani anataka pai?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Orrin alijua mkewe hapindi akishasema. Mashine ikiondoka mezani, angebaki na nini? Kuangalia ng'ombe wa watu kupitia dirishani, na kuulizwa kama amekunywa dawa.

Akaenda bandani. Akaitia risasi ile kwenye nyundo ya kung'olea vichwa, akaigonga mezani mpaka kichwa kikatoka, baruti akaimwaga pembeni. Akalichukua ganda tupu, akalisimamisha karibu na jingine zuri. Akainama mpaka pua yake ikawa sawa na meza.

Lilikuwa fupi. Si sana, unene wa ukucha tu. Lakini unene wa ukucha ulitosha: mdomo ulipokunjwa haukuufikia mfuo, uliuma hewa. Kichwa kilikuwa kimekaa pale kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti.

Alijua mara moja lilikotoka. Emmett, rafiki yake wa vinu vya upepo, alipofariki, mjane wake alimletea Orrin makopo ya kahawa yaliyojaa maganda. Emmett alikuwa na kawaida ya kuyakata midomo baadhi yake kwa ajili ya bastola yake kuukuu, na mengine hakuyakata. Kaka na wadogo zao walikuwa wamechanganyika kopo moja. Orrin alilijua hilo. Ndiyo sababu ya kile kibamba cha chuma chenye pengo kilichotundikwa ukutani: unalipitisha ganda moja baada ya jingine pengoni, linalopita huru ni fupi, unalitupa.

Tangu majira ya baridi alikuwa hajakigusa.

Si kwamba alisahau. Ganda lilipofika pengoni, mkono ulicheza, likagonga chuma ng'i-ng'i-ng'i kama meno ya mtu aliyetoka mtoni, likamponyoka, likaangusha wenzake waliosimama mezani, wote chini. Akaokota. Likaanguka tena. Siku moja alikaa pale mpaka kahawa ikapoa na hakuwa amepima yanayojaa kofia. Akakitundika kibamba ukutani, akajiambia macho yake yanatosha. Kwa miaka yote hiyo macho yangeshindwa kuona nini? Na hakumwambia mtu.

Sasa alikuwa na jibu la Twyla, ila jibu lenyewe lilimnyima kazi. Kwa nini ilizama? Kwa sababu siwezi kupima. Sasa hapo mwanamke atasema nini?

Siku kadhaa alizunguka nalo. Alijaribu kupima akiwa ameuegemeza mkono kwenye gogo. Akajaribu kuufunga kwa mkanda. Akajaribu asubuhi kabla ya kahawa, akaambulia hasira tu. Alhamisi moja alikuwa ameshika ubao wenye matundu, ule wa kusimamishia maganda wakati wa kumimina baruti, ameuweka mapajani, na kwa mkono mwingine anataka kuchota maganda kwenye kopo la Emmett. Mkono ukaruka. Kopo zima likamwagika juu ya ubao, juu ya magoti, juu ya viatu.

Orrin alisema neno ambalo mchungaji hakulisikia. Akashika ubao kwa mikono miwili asiangushe yaliyobaki juu yake, akafumba macho ili hasira ipite.

Akasikia tik. Kimya. Tik, tik. Tik.

Akafumbua macho. Mikono ilikuwa inatetemeka kama kawaida yake, ubao ukitetemeka nayo, na juu ya ubao maganda yalikuwa yanahamahama kama kuku wanaotafuta mahali pa kulala. Moja lilifika ukingoni mwa tundu, makalio yake mazito yakatangulia, tik, likasimama wima. La pili likalifuata. Hakuwa akifanya chochote. Alikuwa amekaa tu, na yale yalikuwa yakijipanga yenyewe, mmoja mmoja, kama watoto wa shule waliosikia kengele.

Orrin akaanza kucheka. Alicheka mpaka Twyla akatoka jikoni na unga mikononi.

"Umeingiwa na nini?"

"Njoo. Kaa hapo. Nina kitendawili."

"Orrin, nimeacha mkate wa mahindi tanurini."

"Nina watumishi wawili, nimekaa nao tangu kuzaliwa. Uzeeni wamejifunza kucheza dansi. Nikiwaambia acheni, wanacheza. Nikiwatuma kazi, wanacheza. Ni nani?"

Twyla hakucheka. Alimtazama usoni kwanza, halafu chini. "Mikono yako."

"Mikono yangu. Basi ndio waliozamisha risasi yako." Akamwambia yote, kibamba, kopo la Emmett, maganda mafupi, tangu majira ya baridi. "Nilikuwa sipimi, Twyla. Nilikuwa natazama tu, kisha nakupa uweke shavuni."

Twyla akavuta kiti akakaa, mkate uungue ukitaka. "Ungeniambia," akasema.

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningekasirika. Kama ninavyokasirika sasa. Kisha ningekaa kwenye kiti hiki kama nilivyokaa." Akafuta unga kwenye aproni. "Haya, ulikuwa unachekea nini?"

Akamwonyesha. Akachota maganda mengine, akayamwaga juu ya ubao, akaiacha mikono ifanye inavyotaka. Tik. Tik-tik. Twyla aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Hebu na mimi." Akauchukua ubao, akautikisa. Maganda yakaruka hovyo, mengine sakafuni.

"Unatikisa kama unapepeta," Orrin akamwambia. "Kwa nguvu hivyo yanaogopa. Inatakiwa kidogo kidogo, haraka haraka, bila kuacha."

"Sasa wewe ndiye bingwa wa kutetemeka?"

"Wyoming nzima."

Ubao ule wa zamani matundu yake yalikuwa machache na hayakulingana vina, kwa hiyo iliwabidi watengeneze mwingine. Orrin alichora. Alichagua ubao wa msonobari usio na fundo, na chini yake alitaka kipande cha kioo cha dirisha, maana hakuna mbao iliyonyooka kama kioo. Ilipofika zamu ya kutoboa, alisimama na keekee mkononi, ncha yake ikizungukazunguka juu ya alama kama nyuki asiyejua ua lake. Akaigeuza, akamkabidhi mkewe upande wa mpini.

"Toboa wewe. Mimi nitasema wapi."

Hilo neno lilimtoka kwa shida kuliko maungamo yote yaliyotangulia, na Twyla alilisikia hivyo, akaipokea keekee bila kusema lolote la kumpoza. Alitoboa, akatoboa, huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyokaa kwenye wimbo. Jumamosi ya juma hilo walikula chakula bandani, biskuti na soseji, miguu imejaa unga wa mbao.

Ubao ulipokwisha, Orrin akamwaga maganda yote ya Emmett, hata yale Twyla aliyokwisha kuyapiga, mafungu kwa mafungu, akakaa nao mapajani. Mikono ilicheza, maganda yakaingia. Yaliyoingia kichwa chini aliyageuza. Kisha akalaza rula ya chuma juu ya midomo yao, akaweka taa upande wa pili, akaisogeza rula mstari kwa mstari. Penye ganda refu hapakupita kitu. Penye ganda fupi mwanga ulichungulia chini ya rula, mstari mwembamba wa dhahabu, hata mzee asiye na miwani angeuona. Akang'oa mafupi yote. Yalijaa kiganja na kumwagika.

Twyla akayatazama yale mafupi, mengine bado na kijani chake makalioni. "Yote hayo yangekuwa foleni yangu."

"Ndiyo."

"Mungu ni mvumilivu kwetu, Orrin."

"Kwangu. Wewe hukukosa kitu."

Na ubao huohuo ukafaa kwa baruti. Maganda yakiwa yamesimama yote pamoja, akimaliza kumimina alipitisha taa juu yake, akaona viwango vyote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayetazama vikombe vya chai kwenye sinia. Kimoja kikizidi au kikipungua kingejionyesha chenyewe. Lavonne alipokuja aliletwa bandani akashikishwa taa. Alichungulia tundu kwa tundu, mstari kwa mstari, kama anayekagua meno ya wagonjwa.

"Haya," akasema mwisho, shingo upande. "Lakini dawa unakunywa."

"Nikizinywa zote nikapona, nani atautikisa ubao?"

"Baba!"

Jumamosi ya Wawili ilifika na upepo, kama ilivyo Wyoming. Watu walikuja na makofia yao makubwa, sketi ndefu za kale, viatu vya kisigino. Nyama ya ng'ombe ilikuwa motoni tangu alfajiri na maharage yakitokota kwenye masufuria ya chuma. Birdie Olmstead, mama mnene mwenye sauti ya treni, ndiye aliyekuwa mtangazaji.

Coralee alitangulia. Mabamba yalilia kama kengele za Krismasi, bunduki haikukohoa hata mara moja. Watu wakapiga makofi, na Delmar akagusa ukingo wa kofia.

Twyla akasogea kwenye mstari na goti lake bovu. Birdie alikuwa amesikia habari za ile Jumapili, kwani Dry Fork nzima nani hakusikia? Akamtupia Orrin jicho, kama anayemuuliza aseme nini. Orrin akamwinamishia kichwa mara moja.

"Mpigaji, Twyla Haskett!" Birdie akaunguruma. "Mshindiliaji, Orrin Haskett!"

Hakuna aliyegonga sahani. Wala hakuna aliyepiga makofi. Watu wote waliutazama wenzo.

Twyla akazisukuma risasi kwenye kidirisha cha ubavuni, moja moja, makalio ya kijani yakipotea ndani. Akaiinua bunduki.

Pa! Ngri-ngri. Pa! Ngri-ngri. Mkono wa Twyla ulikwenda na kurudi kama mtu anayepiga pasi, ganda likaruka begani kwake, jingine likalifuata likiwa bado hewani. Orrin hakuyatazama mabamba. Alitazama mkono ule. Nne zilipita. Ya tano ikapita. Ya sita ikapita.

Mkono ukasimama.

Wenzo ulikuwa chini, wazi, na Twyla ametulia kama sanamu. Nyuma ya Orrin mtu alivuta pumzi kwa meno. Delmar akatia mkono mfukoni, penye bisibisi. Basi, Orrin akawaza, Jumatatu. Akaiona meza ile tupu, na matundu ya skrubu.

Twyla akapuliza hewa kwa pembe ya mdomo, kwa nguvu, mara mbili. Nzi mkubwa wa farasi akaondoka kwenye kope lake.

"Mshenzi," Twyla akamwambia nzi, na watu wote wakasikia. Akarudisha wenzo, ukapanda laini kama droo ya fundi mzuri. Pa! Ngri-ngri. Pa! Pa! Pa! Ikabaki tupu. Akailaza mezani, akachomoa bastola, akaipa chakula kilekile, nayo ikasema vilevile. Bamba la mwisho lilikuwa linayumba bado alipogeuka, akamtafuta Orrin katikati ya makofia, akampata.

Coralee alimshinda kwa muda wa kupepesa jicho. Msichana yule alikuwa na magoti mapya, na hakutuliwa na nzi. Twyla akapewa utepe wa mshindi wa pili, akaubandika kwenye kofia ya mumewe, si yake.

Watu walipokuwa kwenye foleni ya nyama, Delmar alikuja polepole. Mkononi alikuwa na maganda ya kijani aliyoyaokota kwenye nyasi. Alikuwa ameyapanga kiganjani, na kwa kuwa alikuwa mshindiliaji wa kweli, alikuwa ameyatazama kwa jicho lililokazwa. Yalilingana midomo yote. Yalilingana kama yamezaliwa na mama mmoja siku moja.

"Haya si ya kutazama kwa macho, jirani," akasema. "Mimi nina kipimo cha bei mbaya, na yangu hayakai hivi. Nani anakupimia? Lavonne?"

"Lavonne anajua kupima homa."

"Twyla, basi."

"Mimi natoboa matundu tu," Twyla akasema, sahani mkononi. "Mwulize yeye."

Foleni ilikuwa imegeuka kuwatazama. Birdie aliacha kugawa maharage, upawa ukidondosha mchuzi. Orrin alivitoa vidole vyake kwapani. Akainyoosha mikono yote miwili mbele ya Delmar, mbele ya Birdie na Coralee na watu wote wa Dry Fork, viganja chini, vidole wazi, ikicheza kwenye upepo ule kwa namna yake, kidogo kidogo, haraka haraka, bila kuacha.

"Hawa," akasema. "Ndio wanaonipimia."

Delmar aliitazama. Alifungua mdomo, pengine atoe upole wake, akaufunga. Kisha akavua kofia.

"Nina makopo mawili yaliyochanganyika," akasema. "Sijui hata nianzie wapi."

"Yaoshe kwanza. Sipokei machafu." Orrin akachukua sahani ya mkewe akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, na maharage yakaanza kutetemeka mpaka ukingoni. "Na uje nayo Jumatatu, kwa pikapu yako. Leo nakula."